Bawabu Mwenye Koti la Kijani

1

Kazi yangu ni kulala. Cheka tu, nimezoea. Hata baba yangu mzazi alicheka siku nilipomwambia kwamba Kituo cha Mbegu kimenichagua. Alikohoa kwanza, kama kawaida yake, akasema ukoo wa Fungo umetoa wachungaji wa kondoo, wapasua mbao na mhubiri mmoja mlevi, lakini aliyeajiriwa kusinzia ndiyo kwanza anamsikia.

Hapa Lihanje, juu kabisa kwenye baridi ya Makete, watu wanasalimiana kwa "umeamkaje". Mimi nina salamu yangu peke yangu. "Umelalaje, Lusungu?" wananiuliza, na wanasimama kungoja jibu la kweli, kwa sababu usingizi wangu ndio unaowaambia kama mwaka huu watakula ngano au watarudi kwenye viazi.

Ninalala mashambani, kuanzia alfajiri mpaka umande ukauke. Kutu ya ngano, ule ugonjwa wa kuvu, ina ratiba yake. Vumbi lake hutua juu ya shina, huota gizani kwenye unyevu, kisha hutulia na kungoja. Mwanga wa kwanza ukiligusa shina ndipo inapoanza kutafuta pa kuingilia. Basi na mimi wakati huo ninakuwa nimeshavaa kofia yangu ya nyuzi, nimechomeka ncha zake za shaba kwenye udongo, nimejifunika ngozi ya kondoo katikati ya ngano. Kinachotokea ndani ya mashina kinapanda kwenye uzi na kuingia kichwani, na akili yangu inakivika nguo na sura ili ikielewe. Chuoni nilifundishwa miaka miwili, na somo kubwa lilikuwa jinsi ya kutoshtuka.

Ndani ya kila chembe hai ya jani la ngano kuna protini inayokesha. Vitabuni ina jina refu la herufi na tarakimu. Sisi tunaiita bawabu. Kutu haivunji mlango, inaingiza kwanza funguo zake, yaani protini ndogondogo za kuishawishi chembe itulie na imkaribishe mgeni chakula. Bawabu akizijua zile funguo hapigani wala hapigi yowe. Anajifungia ndani na mgeni wake na kuiua chembe yote. Kutu haili kitu kilichokufa, kwa hiyo inakufa njaa palepale, na juu ya jani kinabaki kidoa cheupe kama kichwa cha pini. Jani zima linaendelea na maisha yake.

Mimi ndotoni huona milango. Mgeni anabisha, bawabu anamwangalia, mlango unafungwa, taa inazimika. Bawabu wa ukoo wa Nehemia, jirani yangu wa bondeni, ni mama mnene mwenye mwiko. Wa kwa Mwenyekiti ni kipofu anayewanusa wageni mabegani. Wa kwetu ana koti la kijani lililochanika kwapani, na kabla ya kufunga mlango anakohoa mara mbili. Lile ni koti la baba, na kikohozi ni cha baba. Mbegu yetu aliizalisha yeye kwa mkono wake, misimu kumi na mmoja, suke kwa suke, na sasa ana miaka mitatu kaburini. Kila asubuhi ninayolala kwenye ngano yetu namsikia. Katika ripoti zangu sijawahi kuliandika hilo hata siku moja.

Zamani bonde zima lilipanda bawabu wa aina moja. Kutu ikabadilisha funguo mara moja tu, na mwaka huo ngano yote ikalala chini, nyekundu. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka tulikula viazi asubuhi, mchana na jioni, halafu tukala viazi vya mbegu, halafu mama akafa. Tangu hapo tuna sheria mbili. Ya kwanza, kila ukoo una bawabu wake. Ya pili, kila mwaka shamba moja linaingia zamu. Linapandwa ngano nyonge isiyo na bawabu hata mmoja, mbali na ngano nyingine, limezungukwa na viazi na pareto, ili kutu ije ile humo na kushiba. Ikishiba haina sababu ya kubadilika. Mwenye shamba la zamu havuni chochote mwaka huo, analishwa na wenzake.

Mwaka ninaousimulia, zamu ilikuwa ya shangazi yangu Esnati. Ni dada wa baba, mjane wa miaka sabini na miwili, na ndiye aliyenilea.

Shamba la zamu ninalilalia mara moja tu, mwezi wa tatu, masuke yakianza kutoka na kutu ikishafika kwa wingi. Ni kazi ya kuhakikisha kwamba humo ndani kuna ukimya. Milango yote inatakiwa iwe wazi, wageni waingie wakae wale, na asiwepo wa kuwazuia. Walalaji wengi tunalipenda zoezi hilo. Ni usingizi wa nyumba yenye sherehe, unasikia vijiko tu.

Asubuhi ile nilijilaza, nikafumba macho, nikasikia vijiko. Kisha nikasikia mlango ukifungwa.

Nilidhani nimekosea shamba. Nikatembea ndotoni kati ya nyumba. Kwenye kizingiti kimoja alisimama mama mnene mwenye mwiko. Nyumba tatu mbele yake, yule kipofu alikuwa akimnusa mtu. Nikaona na wengine, wa koo zote ninazozijua, mmoja hapa mmoja pale, wamezingirwa na wageni kama ambavyo sijapata kuona, wageni elfu kwa elfu waliotoka kwenye zile nyumba zilizo wazi, wameshiba, wana nguvu, wamepanga foleni wakijaribu funguo moja baada ya nyingine kama watu wenye mchana mzima wa kupoteza. Taa zilikuwa zinazimika kila mahali.

Nikamwona baba. Alikuwa amechoka, kola imesimama upande mmoja. Akakohoa mara mbili akafunga mlango, akatokea mlango wa pili, akakohoa tena. Ndipo akaja mgeni aliyevaa koti la kijani.

Lilikuwa limechanika kwapani, palepale. Baba alimtazama kwa muda. Nilitaka kupiga kelele, lakini mlalaji hana sauti kule.

"Karibu ndani," baba akasema. "Umechoka wewe. Karibu."

Na hakukohoa.

2

Niliamka jua likiwa bado ndani ya ukungu. Nilivua kofia, nikapita mstari kwa mstari nimeinama mpaka mgongo ukalalamika. Ngano nyonge ilikuwa imejaa upele wa rangi ya tofali kama inavyotakiwa. Lakini kati yake kulikuwa na mashina safi, ya kijani, yenye vidoa vyeupe tu. Moja hapa, mawili pale. Ngano yenye bawabu ndani ya shamba la zamu! Nilipolikuta shina nililokuwa nalitafuta nilipiga magoti. Lilikuwa na vidoa vyeupe visivyohesabika, kazi njema ya bawabu, na katikati yake upele mmoja mwekundu umevimba, ngozi yake imeanza kupasuka.

Nililifunga kwa mfuko, nikalikata. Sikujidanganya. Nimeona moja, yapo ambayo sijayaona.

Shangazi alikuwa jikoni anakoroga uji wa ngano. Hakuniuliza nimelalaje. Alinimiminia kikombe, akaongeza maziwa, akakaa kwenye kigoda chake mkabala na mimi.

"Shangazi, nani kachanganya mbegu kwenye shamba lako?"

"Kunywa kwanza."

"Shangazi."

"Wote," akasema. "Wote, mwanangu. Sijui kama yuko aliyebaki."

Hapo lazima nieleze siku ya pole, maana mtu asiye wa huku hawezi kuelewa tulivyojiangamiza. Siku ya kupanda shamba la zamu, kila nyumba inakuja na kiganja kimoja cha mbegu nyonge. Unafika, unasema, "Pole kwa zamu," na unaweka kiganja chako juu ya kiganja cha mwenye shamba, umekigeuza chini, kimefunikwa. Mbegu zinahama bila kuonekana. Mwenye shamba anazidondosha moja kwa moja kwenye mfereji. Haangalii. Kuangalia ni kumpimia mtu huruma yake, na hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwetu. Mbegu zinazobaki ndizo zinazotoka Kituo kwenye magunia, lakini zile za viganja ndizo watu wanazozikumbuka.

"Nilijua tangu kiganja cha tatu," shangazi akasema. "Mbegu nyonge ina mikunjo, ile nyingine ni ngumu, inateleza. Mkono huu umepanda ngano miaka sitini. Nehemia aliweka, Mwenyekiti aliweka. Mkewe Nehemia aliweka tena nyuma ya mumewe, bila mumewe kujua."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini, Lusungu? Mtu kaja kukupa pole, umwambie pole yako siitaki?" Alifuta mikono kwenye kitenge chake. "Kila mmoja alifikiri ni yeye peke yake. Kiganja kimoja tu, bibi kizee apate walau chungu kimoja cha ngano ya kwake. Niliwaona machoni. Walikuwa na furaha kama wezi."

Niliangalia uji wangu.

"Na wewe," akasema polepole. "Chako kilikuwa cha tisa."

Nisijifiche. Mimi niliyesomea miaka miwili, ninayejua kwamba bawabu mmoja akisimama peke yake katikati ya kutu iliyoshiba anageuzwa kitabu cha kujisomea, nilichota kiganja kwenye gunia la baba nikampelekea shangazi. Nilijiambia ni kiganja tu. Nilijiambia wengine wote watafuata sheria, kwa hiyo changu hakitadhuru. Nilikuwa nampenda, basi, hiyo ndiyo sababu yote, na sikuona kama upendo unahitaji hesabu.

3

Bwana Aidani Mwalongo, mkaguzi wa Kituo, alifika saa nne. Kofia hutuma mapigo yake huko chini wakati uleule ninapolala, kwa hiyo alishajua kwamba kulikuwa na milango iliyofungwa mahali ambapo yote ilitakiwa iwe wazi. Ila kofia haioni sura. Ni bawabu gani alisimama wapi, na nani alipitwa, hayo anayajua aliyelala peke yake.

Si mtu mbaya. Alibadilisha viatu na koti pembeni ya viazi kama sheria inavyotaka, akampa shangazi shikamoo kwa heshima zote, akakaa kwenye benchi la nje na kukubali kikombe cha uji.

"Mama, sheria unaijua," akasema. "Mwenye shamba la zamu akichanganya mbegu, shamba linachomwa, na yeye anahama mlima huu. Hapewi mbegu misimu saba. Naomba uniambie kama ni wewe."

"Ni mimi," shangazi akasema.

Alisema upesi mno, kama mtu aliyeitwa jina lake. Mwalongo alishusha pumzi. Niliona bega lake likilegea, na nikamchukia kidogo kwa hilo, ingawa nami nilikuwa nimeshusha ya kwangu.

"Basi tutalichoma kabla ukungu haujainuka. Siku hizi unakaa mpaka saa nane, ukiondoka ndipo upepo unapoanza, na vumbi likishapanda hatuna la kufanya." Akanigeukia. "Dada Lusungu, la muhimu kuliko yote. Yupo bawabu aliyepitwa?"

"Ndoto zinafifia," nikasema. "Nipe muda nikumbuke."

"Ninao muda mpaka saa sita." Alinitazama usoni. "Kama hakuna aliyepitwa, tunachoma hili moja tu, na bonde linavuna. Kama yupo, kutu imeshapata funguo asizozijua. Kila shamba lenye mbegu hiyo litakuwa mlango wazi, na kutu hiyo mpya itakapomaliza hapo itakuwa imepata nguvu ya kujaribu wengine wote."

Nilijua idadi. Mbegu ya baba ilikuwa kwenye mashamba kumi na manane, imebakiza wiki tano kuvunwa.

Shangazi alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, penye kuni.

"Sikiliza. Bawabu wako anafanyaje? Anajifungia ndani mmoja, jani linapona. Si ndivyo ulivyonifundisha mwenyewe? Basi niache nijifungie. Mimi nina miaka mingapi ya kupanda tena? Nitakwenda kwa mtoto wa dada yangu kule Njombe, baridi si kali kama huku, nitaota jua. Ukiwataja wenzako utaliua jani zima kwa ajili ya chembe moja kuukuu."

"Haitoshi, shangazi. Yupo aliyepitwa."

"Nani?"

Sikuweza kulitamka jina. Nikakohoa mara mbili, kama anavyokohoa.

Alinielewa. Akakaa juu ya gogo, na ukungu ulikuwa unapita kati yetu mwembamba kama maziwa yaliyotiwa maji.

"Kumbe bado anakohoa?"

"Kila asubuhi ninapolala kwetu."

"Hukuniambia."

"Niliogopa utataka kuvaa kofia."

Alicheka kidogo, kisha akalia kidogo. Nilikuwa nimemnyima kaka yake miaka mitatu mizima, na wala hakunilaumu. Nikamweleza yaliyobaki. Nikisema ni bawabu wa baba, kila punje yake inachomwa, ya shambani na ya ghalani, na sitamsikia tena maisha yangu yote. Nikinyamaza nitamsikia mwezi mmoja zaidi, labda msimu mmoja, huku akiwakaribisha ndani watu watakaotuua. Nilimwomba aniambie nifanye nini. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na nilikuwa naomba kama mtoto.

"Koti lake lipo kwangu, kwenye msumari," akasema. "Lichukue, kuna baridi."

Hilo ndilo jibu pekee alilonipa.

4

Watu walikuwa wameshakusanyika kwenye uwanja wa ghala. Habari za Kituo huku hazihitaji simu. Mwenyekiti alisimama mbele na daftari lake, Nehemia alikuwa ameegemea toroli, na wote walimwangalia shangazi yangu kwa macho ya huruma ileile iliyotufikisha pale. Kila mmoja alikuwa na kiganja chake kimoja moyoni na aliamini ndicho kilichomponza bibi wa watu, na kila mmoja alikuwa anangoja ajulikane au asijulikane.

"Mama Esnati amekiri," Mwalongo akaanza.

"Amedanganya," nikasema.

Nilikuwa nimevaa koti. Mikono yake ilinipita vidole. Nilisema nilichoota, tangu mwanzo, na sikuruka kitu. Nikasema bawabu aliyepitwa ni wa Fungo, na mbegu yake iliingia shambani kwa kiganja changu, mimi mlalaji wao, niliyepaswa kujua kuliko wote. Nilipomaliza niliona aibu imenifika mpaka kwenye magoti.

Nehemia akakuna kichwa.

"Mimi nilitia nusu kiganja tu," akasema.

"Nusu?" mkewe akamgeukia. "Na wewe ulitia?"

"Kwani wewe ulitia?"

"Mimi zilikuwa punje kumi na mbili. Nilizihesabu."

"Zangu hazikufika kumi," Mwenyekiti akasema kwa heshima ya cheo chake, na hapo mtu mmoja akacheka, na wa pili akaanza kulia, na viganja vikaanza kutajwa pande zote, kila kimoja kidogo kuliko cha jirani. Ungewasikiliza wote ungeamini shamba lile halikupandwa kitu. Lakini koo zilitajwa, mbegu zilitajwa, na Mwalongo aliandika mpaka kalamu ikamshinda, kwa sababu sasa aliweza kujua ni mabawabu gani walisimama kwenye ile foleni na ni nani wa kuchunguzwa kwanza.

Mwishoni alifunga daftari. "Sheria ina adhabu ya mtu mmoja," akasema, na alikuwa amechoka. "Haina ya nyumba thelathini na moja. Mama Esnati habanduki. Zamu ijayo itakuwa ya Lusungu. Mengine mtayabeba kwa njaa."

Wengine walikwenda kulichoma shamba la zamu, sisi tukaanza na shamba letu. Kituo kina unga unaounguza hata kibichi. Ilikuwa saa saba, ukungu ulikuwa umelala juu ya masuke na ngano ya baba ilikuwa imesimama ndani yake, nzuri, haina kasoro hata moja ya kuonekana kwa macho.

"Una saa nzima kabla ya upepo," Mwalongo akaniambia kwa sauti ya chini. Alikuwa ameibeba kofia yangu. Sijui alijuaje nilichokitamani. "Mwanga upo, unyevu upo. Ukitaka."

Niliishika ile kofia. Nilifikiria ngozi ya kondoo, na kizingiti, na kola iliyosimama upande mmoja. Saa moja ilitosha kumsikia mara nyingi. Pia ilitosha upele mmoja kupasuka kwenye shamba la mwenzangu wakati mimi nimelala namsikiliza baba. Nikamrudishia kofia, nikawasha.

Moto ulikwenda taratibu. Nilitia mikono mifukoni kwa sababu ya baridi, na kidole changu kikapita kwenye tundu la mfuko, kikaingia ndani ya bitana. Kulikuwa na punje. Baba alikuwa na tabia ya kutembea na ngano mfukoni, akiitafuna anapofikiri, na nyingine zilikuwa zimeteleza huko chini zikakaa miaka mitatu. Nilizihisi, ngumu, zinateleza. Zingejaa kiganja kimoja.

Shangazi alikuwa pembeni yangu, akiutazama mkono wangu ndani ya mfuko. Nikautoa mtupu. Jioni nilimrudishia koti, punje zikiwa bado ndani, akalitundika msumarini.

5

Tulikula viazi mwaka ule. Hakufa mtu. Naliandika hili kwa fahari kwa sababu ndilo tulilolifanya la maana.

Siku ya kupanda shamba langu la zamu, Mwalongo alitaka watu wafungue viganja vyao juu ya karatasi nyeupe, waonekane. Kijiji kizima kilikataa. Mwenyekiti alimwambia kwamba tumekubali kuchoma mashamba, tumekubali viazi, lakini kumkagua mtu pole yake hatujafikia huko. Hata mimi nilikataa, mimi niliyekuwa na sababu kuliko wote ya kutaka kuona. Mwalongo aliketi kwenye gari lake akatazama upande mwingine.

Walikuja mmoja mmoja. "Pole kwa zamu, Lusungu." Kiganja juu ya kiganja. Mikono yangu ni ya kulala, laini, haijui mikunjo wala kuteleza. Nilidondosha kila kilichokuja, nikafukia kwa mguu.

Shangazi alikuwa wa mwisho. Alikuwa amevaa lile koti la kijani.

Alikaza kiganja chake juu ya changu kuliko wengine, akakaa hivyo. Nilimtazama usoni, sikuona kitu. Alikuwa ndiye mtu aliyempenda baba kabla yangu. Alijua ninachokosa kila asubuhi. Alijua pia kwamba kiganja kimoja tu, kwenye shamba langu, kingemrudisha baba kizingitini msimu mzima, na kwamba mimi sitaangalia. Na nisifiche hata hili, kuna sehemu yangu iliyokuwa inaomba awe amefanya hivyo.

"Pole kwa zamu, mwanangu," akasema.

Nilidondosha.

Mwezi wa kwanza sikupata usingizi mzuri. Wa pili nilipita kando ya shamba lile mara mbili kwa siku bila sababu. Wa tatu, masuke yakaanza kutoka, kutu ikaja nyekundu na tele. Nikabeba ngozi yangu alfajiri, nikachomeka ncha za shaba, nikajilaza katikati ya ngano yangu nyonge na kufumba macho.

Milango ilikuwa wazi, yote. Wageni waliingia, wakakaa, nikasikia vijiko. Nilitembea ndotoni nyumba hadi nyumba, mstari hadi mstari, nikitega sikio kwenye kila kizingiti. Nilikwenda hadi nyumba ya mwisho, ile ya pembeni nilipokuwa nimesimama wakati shangazi anakaza mkono wake. Mlango wake ulikuwa wazi kama mingine. Nikakaa pale chini, nikasikiliza mpaka umande ukakauka.

Nilipoamka alikuwa amesimama penye viazi, na chupa ya uji, hajavaa koti.

"Umelalaje, Lusungu?"

"Kimya, shangazi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Alitikisa kichwa kukubali. "Zile punje nilikaa nazo siku tatu," akasema. "Ya nne nikazitia motoni, na bitana yake."

Kisha akaketi kwenye tuta, nami nikaketi karibu yake, tukamlilia baba kama vile amekufa jana, na uji ukapoa.